Kabla ya Kununua Kompyuta ya Masomo, Uliza RAM

Kompyuta mpakato niliyoingia nayo mwaka wa kwanza ilikuwa na kibandiko cha Core i7, jina la prosesa ya Intel, kando ya kibodi, na kibandiko hicho ndicho kilichonishawishi kuinunua. RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayotumiwa na programu zinapokuwa wazi, sikuiuliza kabisa. Ilikuwa GB 4, na kwa muhula wa kwanza haikunipa taabu, kwa kuwa tulikuwa tukiandika programu fupi za kupanga na kujumlisha namba. Mwaka wa pili, somo la mifumo endeshi lilipotutaka tusakinishe Linux ndani ya kompyuta pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya ile halisi, mashine yangu ilianza kuganda: nikisogeza kipanya, mshale ulifuata baada ya muda, taa ya diski ikiwaka bila kupumzika na feni ikivuma. Mazoezi mengi ya somo lile niliyafanyia maabara, usiku, wenzangu walipokwisha kuondoka.

Ndiyo maana anayeniomba ushauri humwambia aanze na RAM. GB 8 zinatosha kwa kuandika programu za kawaida, lakini ukiwasha kiigaji cha simu cha Android Studio, programu ya kutengenezea programu za simu, huku kivinjari kikiwa na kurasa kadhaa, zitakwisha upesi. Ukiweza, chukua GB 16. Uliza pia kama inaweza kuongezwa. Katika kompyuta nyingi nyembamba za siku hizi RAM imechomelewa kwenye ubao mama, yaani ubao mkuu wa mashine, na katika MacBook zenye chipu za Apple imo pamoja na chipu yenyewe, hivyo kiasi utakachonunua siku ya kwanza ndicho utakachohitimu nacho. Kuhusu diski sina maneno mengi: iwe SSD, ile ya kasi isiyo na sahani inayozunguka.

Prosesa, chipu inayotekeleza maagizo ya programu, ndiyo inayowadanganya wengi, nami nikiwamo. Neno i5 au i7 peke yake halisemi kitu mpaka usome namba na herufi zinazofuata. Core i7-7500U ya mwaka 2016 ina viini 2 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba), ilhali Core i5-8250U iliyotoka mwaka uliofuata ina viini 4, na anayetazama kibandiko tu atachagua ile ya kwanza akidhani amepata kubwa. Herufi ya mwisho nayo ina maana: U ni prosesa inayotumia umeme kidogo, H ni yenye nguvu zaidi, inayopata joto na kula betri haraka. Kwa anayenunua kompyuta iliyokwisha kutumika kuna sababu nyingine ya kuangalia kizazi cha prosesa (i7-7500U ni ya kizazi cha 7, i5-8250U ya cha 8): Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha 8, isipokuwa chache mno, na Microsoft ilisitisha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Wanafunzi wa uhandisi wasilipe chochote kabla ya kupata kutoka idarani orodha ya programu watakazotumia hadi mwaka wa mwisho. SolidWorks, ya kusanifu vifaa, na ArcGIS Pro, ya ramani, zimetengenezwa kwa ajili ya Windows pekee. AutoCAD, ya michoro ya kihandisi, ina toleo la Mac, lakini halina kila kilichomo katika lile la Windows. Wa sayansi ya kompyuta wana uhuru zaidi, na wengi hufanya kazi vizuri kwenye mfumo wowote kati ya Windows, macOS ya Mac na Linux. Kadi ya michoro ya NVIDIA ina faida kwa anayechora maumbo ya pande tatu au anayehitaji CUDA, mfumo wa NVIDIA wa kufanyia hesabu nzito kwenye kadi hiyo. Kuinunua mwaka wa kwanza kwa sababu tu unakusudia kujifunza akili bandia naona ni haraka isiyo na msingi, kwani mazoezi ya mwanzo huendeshwa vizuri bila kadi hiyo, na yanayozidi nguvu ya mashine yako yanaweza kupelekwa Google Colab, huduma ya kuendesha programu kwenye kompyuta za Google kupitia kivinjari.

Ukinunua iliyotumika yenye Windows, usiridhike na kuiona inawaka ikiwa imechomekwa kwenye chaja. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua ripoti itakayohifadhiwa na ulinganishe uwezo ambao betri ilitoka nao kiwandani na uwezo inaofikia sasa ikijaa. Ukikuta umeshuka hadi nusu, gharama ya betri mpya iingie katika hesabu kabla hamjakubaliana bei.