Benedikto XVI hakuwa wa kwanza kung'atuka
Wapo wanaosema Benedikto XVI, aliyeng'atuka 2013, ndiye papa wa kwanza kufanya hivyo. Hapana ndugu, hakuwa wa kwanza. Papa Selestini V alijiuzulu tarehe 13 Desemba 1294, baada ya miezi mitano tu. Alikuwa mkaapweke wa milimani, mambo ya utawala yakamshinda. Mrithi wake, Bonifasi VIII, akamfungia kwenye ngome ya Fumone hadi akafia humo 1296. Wengi walianza kumtafuta Selestini 2013, ila mwenye macho angeshtuka mapema: Aprili 2009, baada ya tetemeko la ardhi la L'Aquila, Italia, Benedikto aliacha palio yake, ule ukanda wa sufu wa mabegani, juu ya jeneza la kioo la Selestini. Ukiuliza wa mwisho kung'atuka kabla ya Benedikto, ni Gregori XII, 1415, na huyo aliondoka ili kumaliza mvutano wa mapapa watatu.