Weka Mkasi Chini Kwanza: Kwa Mnaoanza Kushona Picha za Safari

Ndugu zangu mnaoanza kazi hii ya kuhamishia picha za safari kwenye kitambaa na kuzishonea masalio, nimevumilia vya kutosha. Kila kundi jipya huingia karakanani na bahasha ya picha za zamani, mfuko wa masalio ya vitambaa na mkasi ambao tayari umeshafanya madhara. Wengine wamekwisha kukata picha za safari za wazee wao kabla hawajajua kama kitambaa walichonacho ni pamba au poliesta, na ninapowaambia wasubiri hunitazama kana kwamba nawanyima chakula. Ninawapenda, nami nimeyafanya mengi ya makosa yenu kabla yenu, kwa hiyo naona ni halali yangu kuwasema kidogo.

1. Picha halisi haiguswi na gundi, maji wala mkasi. Hapa ndipo penye kidonda changu, basi mtanivumilia nikirefusha.

Shangazi yangu aliniazima picha ya rangi ya sentimita 10 kwa 15, inayomwonyesha amesimama kwenye sitaha ya meli, koti begani, akicheka na mtu ambaye mpiga picha hakumwingiza. Negativu yake ilikuwa imepotea siku nyingi. Wakati huo nilikuwa nimejifunza kuhamisha picha kwa gundi ya akriliki: unapaka gundi kwenye nakala iliyotoka kwenye printa ya leza, unailaza kifudifudi juu ya kitambaa, unaiacha ikauke usiku kucha, kisha unalowesha mgongo wa karatasi na kuusugua kwa kidole mpaka karatasi yote itoke na tona, yaani unga wa rangi wa printa ya leza, ibaki imeng'ang'ania kitambaani. Nakala zangu zilikuwa zimetoka vizuri, nikajiona fundi. Nikawaza kwamba ikiwa nakala inatoa picha nzuri, picha yenyewe itatoa nzuri zaidi, wala sikumwuliza mtu.

Karatasi ya picha za aina ile imefunikwa kwa plastiki pande zote mbili, kwa hiyo maji hayapenyi mgongoni. Na rangi zenyewe zimo ndani ya utando mwembamba wa jelatini, ambao ukilowa huvimba na kulainika. Nilisugua, karatasi haikutoka. Nikaongeza maji, nikasugua kwa nguvu. Maji yakaingilia pembeni, utando ukalegea, na nilipovuta karatasi, koti la shangazi likabaki kitambaani, bahari ikabaki kwenye karatasi, na uso wake ukawa utelezi wa rangi ya waridi kwenye ncha ya kidole changu. Nilikaa nikikitazama kidole kile, nikiogopa kukiosha.

Kwa muda nilimdanganya kwamba kazi haijaisha. Hatimaye nikampelekea kitambaa chenye koti lisilo na mwenyewe, akakigeuza huku na huku, kisha akauliza, "Na mimi niko wapi hapa, mwanangu?" Hakunigombeza; angenigombeza ingekuwa nafuu. Hata leo huniazima picha zake, ila huja nazo mwenyewe, husimama kando ya skana mpaka mwanga upite, kisha huzitia mkobani na kuondoka nazo.

Basi skani kwanza, kwa nukta 600 kwa inchi, ili picha ya 10 kwa 15 uweze kuikuza mara mbili na bado ibaki na nukta 300. Kisha irudishe ya asili kwenye albamu.

2. Geuza nakala kushoto kulia kabla ya kuichapa, kama utaihamisha kifudifudi. Mwenzenu mmoja ametushonea stesheni ya reli ya kupendeza, tarizi safi kabisa, ambayo jina lake husomeka kwenye kioo tu.

3. Jueni wino wenu. Wino wa kuyeyuka wa printa nyingi za nyumbani huchuja ukiguswa na maji, wino wa chembe za rangi hustahimili zaidi, na tona haichuji kwa maji lakini ni plastiki, kwa hiyo pasi ya moto ikiigusa moja kwa moja huilainisha na kuifanya inate. Wekeni kitambaa katikati. Wala msihangaike kupata kila kunyanzi la uso. Mwaka 1974 msanii Mmarekani Robert Rauschenberg alianza kuhamishia picha za magazeti kwenye hariri na vitambaa vingine vyepesi kwa kutumia kiyeyushi, yaani kemikali inayoyeyusha wino, zikatoka zimefifia kama zinazoonekana nyuma ya pazia, na nguvu ya kazi zile imo humo humo katika kufifia.

4. Fueni masalio yote kabla ya kuyakata, kwa maana kitambaa kipya cha pamba hurudi, na kikirudi baada ya kushonwa huvuta jirani zake. Msichokijua, chomeni uzi wake mmoja juu ya sahani: pamba hunuka karatasi na kuacha majivu laini, hariri na sufu hunuka nywele, poliesta huyeyuka na kuacha donge gumu. Donge hilo ndilo mtakaloliona likinata chini ya pasi yenu msipojaribu.

Lakini kuna jambo linalonikera kuliko donge. Wengi wenu hufanya masalio kuwa fremu: picha katikati, maua pembeni, mshono wa mapambo kuzunguka, basi imekwisha. Kitambaa cha namna hiyo kimekuja kama mgeni wa heshima, kinakaa tu. Mpeni kazi. Toeni mbingu yote kwenye nakala, kisha mshone mbingu. Nina kipande cha foronya ya zamani kilichokuwa cha buluu, ambacho pale kichwa kilipolala miaka mingi kimeparara hadi karibu cheupe, na pembeni, kando ya pindo, buluu bado imeshiba. Nilipokilaza juu ya picha ya mlima, alfajiri ilikuwa imekwisha kuchorwa bila mimi kutia mkono. Sikukikata. Nilikikunja kingo, nikakipiga bandi, ule mshono mwepesi wa kuchomeka sindano juu na chini, nikashona. Bahari nazishona kwa mistari myembamba ya bandi iliyokaribiana, kama wanavyofanya wanawake wa Bengal katika kantha, ambazo kwa asili ni sari kuukuu zilizopangwa tabaka juu ya tabaka: uzi ukivutwa kidogo kitambaa hujikunja mawimbi, na tabaka hushikana bila tone la gundi.

5. Picha za rangi za miaka ya 1970 zilizogeuka nyekundu msizililie. Katika karatasi nyingi za wakati ule, rangi iliyobeba buluu na kijani ndiyo iliyofifia kwanza, hata ndani ya albamu gizani. Igeuzeni nakala iwe nyeusi na nyeupe, kisha masalio yalete rangi. Au ichapeni kwa sayanotaipu, njia aliyoibuni mwanasayansi Mwingereza John Herschel mwaka 1842, ambayo kwa chumvi za chuma na mwanga wa jua hutoa buluu nzito juu ya pamba. Ila kazi hiyo msiifue kwa sabuni kali ya unga, kwa sababu magadi yaliyomo huiua buluu hiyo na kuacha umanjano.

6. Andikeni nyuma ya kila nakala ni nani, wapi na lini, na foronya ilikuwa ya nani. Mali bila daftari huisha bila habari, na wazee wanaojua majibu hawatusubiri.

7. Msitundike kazi panapopigwa na jua. Mgongoni shoneni mfereji wa kitambaa wa kupitishia ufito, upana wote wa kazi, ili uzito ugawanyike. Kazi iliyoning'inizwa kwa misumari miwili ya pembeni hulegea katikati, na watu waliokuwa wamesimama wima huanza kuinama. Mfereji huo ushonwe kabla hamjamwonyesha mtu yeyote, kwa sababu nawajua: mkishasifiwa, hamtashona tena.