Jibu: Bowker's Horse na East African Mounted Rifles ni kikosi kimoja

Salaam ndugu. Karatasi moja inasema askari wako alikuwa Bowker's Horse, nyingine inasema East African Mounted Rifles, nawe umedhani ni watu wawili. Nami nilikwama hapohapo nilipokuwa nikifuatilia askari wa kikosi hicho.

Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, walowezi wa Kizungu walimiminika Nairobi, wengine na farasi na bunduki zao wenyewe. Vikundi vyao, Bowker's Horse kikiwemo, viliunganishwa vikawa East African Mounted Rifles (EAMR): doria na upelelezi mpakani na koloni la Wajerumani (Tanzania bara ya leo), kisha mapigano ya Longido, ng'ambo ya mpaka huo, tarehe 3 Novemba 1914. Kuna wapanda farasi wa vita hivyo waliowapaka farasi wao weupe milia ya pundamilia wasionekane porini!

Anza na nishani yake ya vita, ile ya fedha, kama bado mnayo nyumbani. Iinamishe kwenye mwanga usome ukingoni: namba, cheo, jina, kikosi. Halafu tafuta kadi yake ya nishani katika nyaraka za taifa za Uingereza, Kew, fungu WO 372. Jina lake likipotea kwenye karatasi za EAMR baada ya 1915 usikate tamaa, tafuta King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza lenye askari Waafrika; wengi walihamia huko wakawa maofisa.