Kwa nini sharti lako la nauli linampitisha mwanafunzi asiye na kitambulisho

Ndugu, umeuliza kwa nini programu yako ya nauli za Mbagala hadi Kariakoo inampa punguzo mwanafunzi asiye na kitambulisho, ilhali ulitaka mwanafunzi au mzee alipate akiwa nacho tu. Haina hitilafu ya ajabu, kwani Python, lugha ya programu uliyotumia, inatii utaratibu wake wa kawaida: `not` (si) hutangulia, kisha `and` (na), na `or` (au) huja mwisho. Kwa hiyo sharti ulilouliza, `mwanafunzi or mzee and ana_kitambulisho`, husomwa kama `mwanafunzi or (mzee and ana_kitambulisho)`, na ikiwa abiria ni mwanafunzi, Python hutosheka hapo hapo na kumpa punguzo bila hata kukitazama kitambulisho. Andika `(mwanafunzi or mzee) and ana_kitambulisho`, nalo tatizo litaisha.

Nakushauri uweke mabano hata pale yasipohitajika, hasa kama una mpango wa kuihamishia kazi hii kwenye lugha nyingine ya programu, kama Ruby. Katika Ruby, `and` na `or` zina daraja moja na husomwa kutoka kushoto, hivyo sharti lako la awali lingefanya kazi sawasawa kule (kwa bahati tu, kwa maoni yangu), lakini ukitumia alama `&&` (na) na `||` (au) katika Ruby hiyo hiyo, ambako `&&` hutangulia `||`, kosa linarudi.