Mume wangu anagawa pesa za uzeeni msikitini

*Shangazi, asalaam alaykum. Sisi ni watu wa Mombasa, tuko Houston mwaka wa 29 sasa. Mume wangu ana miaka 74, mimi 66. Imekuja barua ya akaunti yake ya kustaafu, nikaifungua, nikaona mwaka jana ametoa dola 10,000. Nyumbani zimefika 4,000 tu. Nilipombana akasema 6,000 amezitoa sadaka msikitini. Hakuniuliza. Pesa zetu za uzeeni, 255,000 tulizozihangaikia maisha yote, anazigawa, na kodi tutailipa sisi! Mimi nilimwomba za kumalizia ghorofa ya nyumba yangu Likoni, akasema hana. Sasa anasema ataandika kwamba akifa, akaunti yote irithiwe na msikiti. Huyu ni mume? – Mke aliyedharauliwa*

Wa alaykum salaam, mwenzangu. Pole. Kulijua jambo la nyumbani kwako kupitia bahasha ya posta kunauma. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiirudia ninayemwonea huruma ni bwana wako.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo uliyoishika vibaya. Hizo 10,000 hakuzitoa kwa kiherehere. Sheria ya Marekani inamlazimisha mwenye IRA ya kawaida, yaani akaunti binafsi ya kustaafu, akishafika miaka 73, atoe kiasi fulani kila mwaka, atake asitake. Kwa mtu wa miaka 74, kilichokuwamo mwisho wa mwaka uliotangulia hugawanywa kwa 25.5. Chukua hizo 255,000 ugawanye mwenyewe. Ni 10,000 kamili. Bwana ametoa alichoamriwa, hakuzidisha hata dola. Na hizo 6,000 hazifiki dola mbili na nusu katika kila mia ya akaunti. Mtu anayegawa mali ya uzeeni hagawi hivyo.

Kwenye kodi ndiko ulikomdhulumu zaidi. Aliyetimiza miaka 70 na nusu anaruhusiwa kuwaagiza wanaoitunza IRA yake wapeleke sadaka moja kwa moja kwenye taasisi ya hisani. Pesa hizo hazihesabiwi kuwa kipato chake, na bado zinakatwa katika kile kiasi cha lazima. Kikomo cha mwaka 2025 kilikuwa dola 108,000, basi yeye yuko mbali nacho sana. Karatasi uliyoiona, ile fomu ya kodi iitwayo 1099-R, huandika jumla yote iliyotoka, ndiyo iliyokutia hofu. Mnapojaza fomu za kodi mnaeleza kwamba 6,000 zilikwenda kwenye sadaka, na mnatozwa kwa zile 4,000 zilizofika nyumbani. Angezipokea kwanza mkononi ndipo azipeleke msikitini, zote zingekuwa kipato, na huenda zingeiburuta hata Social Security yenu, ile pensheni ya serikali, kwenye kodi. Angekupa wewe za ghorofa, zingetozwa kodi vilevile. Mwulize tu kama ana barua ya msikiti inayothibitisha kwamba sadaka ilipokelewa. Na lazima msikiti wenyewe uwe unatambulika kisheria huko Marekani. Angezituma msikiti wa mtaani kwenu Likoni, asingepata nafuu hiyo.

Sasa tuje Likoni. Akaunti aliyoijaza mume kwa jasho la kazi umeiita "yetu". Nyumba unayoijenga umeiita "yangu". Mwenzangu, hapo ndipo nilipokujua. Ghorofa hiyo anakaa nani? Hukusema. Aliikataa kwa sababu gani? Hukusema pia. Sadaka umeikuta njiani ukaipiga, lakini uliyekuwa ukimtafuta ni yule mwanamume aliyekunyima pesa za saruji. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mwenzio moyo anao, na ametoa akiwa hai, akiona kwa macho yake kinakokwenda.

Barua kama hizi napata nyingi siku hizi, na si za Marekani peke yake. Mume ana akaunti yake, mke ana ujenzi wake, simu zote mbili zina namba za siri. Watu wanalala kitanda kimoja miaka 30, halafu benki ndiyo inayowatambulisha. Sisemi wazee wetu hawakufichana. Walifichana sana. Lakini wakati wa baridi ya jioni walikaa barazani, na yanayosemwa barazani hayakai moyoni yakaoza. Ninyi mmekaa wapi? Mara ya mwisho kumwuliza bwana wako anataka nini katika miaka hii iliyobaki ilikuwa lini? Nawalaumu wote wawili. Yeye kosa lake ni kunyamaza, na hilo ni kosa kweli. Kutoa si kosa.

La urithi ni jingine, na hapo niko upande wako bila kusita. Muislamu hausii zaidi ya theluthi ya anachoacha. Sahaba Saad bin Abi Waqqas alitaka kuusia zaidi, Mtume (s.a.w.) akamwambia theluthi, na theluthi ni nyingi, kwani ni bora uwaache warithi wako wakijitosheleza kuliko uwaache wakiombaomba. Bwana wako anaijua hadithi hiyo; mkumbushe kwa heshima. Texas mnakoishi nayo ni jimbo ambalo mali iliyochumwa ndani ya ndoa huhesabiwa kuwa ya wote wawili, basi mwone wakili kabla hajasaini chochote. Kama bado ana 401(k), yaani akaunti ya kustaafu ya kazini, kwa mwajiri wa zamani, hiyo haandiki mrithi mwingine bila saini yako. Akitaka kuuachia msikiti theluthi, ni busara aichote kwenye IRA, nyumba wabaki nayo watoto. Msikiti hautalipa kodi kwa pesa hizo, watoto wangelipa.

Leo usiku, baada ya isha, zima televisheni. Mpelekee chai, ukae naye, umwulize msikitini zile pesa zinafanya nini, na umsikilize mpaka amalize. La Likoni liwe siku nyingine. Na ile bahasha mwambie uliifungua wewe.