Mwenye kibofu kisumbufu, anza na kalamu

Kulikuwa na miaka ambayo jengo lolote nikiingia, cha kwanza kukitafuta ni choo. Kabla sijamsalimu mwenyeji, macho yamekwisha kuzunguka kuta zote. Kwenye basi nilikaa karibu na mlango, kwenye sherehe nilikaa safu ya nyuma, na safari ya zaidi ya saa mbili niliikwepa kwa visingizio ambavyo ndugu zangu walikwisha kuvizoea. Siku mkojo unapochoma nilijua ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, nitapewa dozi, itapita. Ila zile siku ambazo hauchomi, unabana tu ghafla na kunitoa mbio, hizo sikuwa na jina la kuzipa. Na jambo lisilo na jina mtu hulificha.

Mimi si daktari. Ni mgonjwa niliyechoka kumeza dawa bila kuelewa, nikaanza kusoma tafiti za wanaochunguza magonjwa ya njia ya mkojo. Nilikuta humo mambo ambayo laiti ningeyajua mapema nisingepoteza miaka, na ndiyo ninayotaka kukupa wewe uliye katika hali hiyo leo.

Nianze na kosa langu kubwa. Nilikuwa naweka akiba ya vidonge. Dozi ya siku tano nameza siku mbili, kuchoma kukitulia vilivyobaki naviweka kwenye droo kusubiri siku nyingine. Mara ya nne au ya tano vile vidonge havikunisaidia kitu. Mkojo ulipooteshwa maabara, yaani bakteria waliomo wakaachwa wakue ili watambulike, akapatikana bakteria aitwaye E. coli, naye amekwisha kuwa sugu kwa dawa mbili nilizokuwa nikijipa mwenyewe. Huyu E. coli ndiye chanzo cha karibu robo tatu ya UTI za kawaida, au hata zaidi. Makazi yake ni utumbo mpana. Mrija wa kutolea mkojo wa mwanamke una urefu wa kama sentimita 4 tu, hivyo safari yake hadi kwenye kibofu ni fupi mno. Nalisema hili kwa sababu nilibeba aibu kwa muda mrefu nikidhani mimi ni mchafu. Ni maumbile. Takribani nusu ya wanawake wote huugua UTI angalau mara moja maishani.

Kwa hiyo kama inakurudia, omba mkojo uoteshwe kabla hujameza kidonge cha kwanza, maana dawa ikishaingia bakteria huweza wasionekane tena. Na uchukue sampuli vizuri: mkojo wa mwanzo uache uende, wa katikati ndio unaingia kwenye kichupa, kisha ukipeleke maabara mara moja. Kikikaa mezani saa kadhaa bakteria wanaendelea kuzaana humo, na jibu utakalopewa ni la kichupa, si la kibofu chako.

Kuna asubuhi moja siisahau. Nilikuwa nimekunja uso kwa maumivu, nikapewa karatasi iliyoandikwa kwamba hakuna maambukizi. Nililia njiani, si kwa kuchoma bali kwa kuona kama nimeitwa mwongo. Miaka baadaye ndipo nilipoijua historia ya ile karatasi. Miaka ya 1950, huko Boston, daktari Edward Kass alitafuta njia ya kutofautisha bakteria wanaomletea mgonjwa maambukizi na wale wa ngozini walioangukia tu kwenye sampuli. Akapendekeza kipimo cha bakteria 100,000 kwa kila mililita moja ya mkojo. Kilikuwa kipimo kizuri kwa wagonjwa aliowachunguza, waliokuwa na maambukizi ya figo na wajawazito wasio na dalili. Lakini kikageuka sheria ya kila mtu. Mwaka 1982 Walter Stamm na wenzake wa Seattle wakachunguza wanawake wenye dalili kamili za kibofu kuuma, wakaonyesha kwamba wengi wao wana maambukizi ya kweli hata bakteria wakiwa 100 tu kwa mililita. Soma tena tofauti hiyo: 100,000 na 100. Katikati ya namba hizo mbili wako wanawake wengi walioambiwa hawana kitu.

Ukipewa jibu kama langu na bado unaumwa, usinyamaze. Mwambie daktari, kwa heshima: dalili ninazo, hesabu ilikuwa ngapi, na kama si bakteria ni nini? Kuna magonjwa mengine yanayofanana na UTI, ikiwemo maumivu sugu ya kibofu yasiyo na maambukizi yoyote, na hayo hayaponi kwa viuavijasumu hata ukivimeza mwaka mzima.

Na kinyume chake ni kweli vilevile. Bakteria wakionekana kwenye mkojo wako nawe huna dalili yoyote, mara nyingi hupaswi kutibiwa, isipokuwa ukiwa mjamzito au ukikaribia upasuaji fulani wa njia ya mkojo. Watafiti wa Italia waliwafuatilia wanawake wa namna hiyo, waliozoea kuugua UTI mara kwa mara, wakaandika mwaka 2012 kwamba waliopewa dawa ndio walioishia kuugua tena zaidi ya walioachwa. Mimi hapo nilimkumbuka yule niliyekuwa, aliyekimbilia kupima kila mwezi bila kuumwa, ili tu apate dawa na atulie moyo.

Sasa nifike kwenye kalamu.

Muuguzi mmoja, baada ya kunisikiliza dakika mbili, aliniuliza: "Mama, unakwenda mara ngapi kwa siku?" Nikasema nyingi. "Nyingi ni ngapi?" Sikujua. Akanipa karatasi yenye mistari na kikombe cha plastiki chenye alama za mililita, akaniambia niandike siku tatu: saa ngapi nimekunywa, nini, kiasi gani, saa ngapi nimekojoa, kiasi gani, nilibanwa kwa nguvu kiasi gani, na kama umenivuja. Usiku pia.

Siku ya kwanza niliona haya hata nikiwa peke yangu chooni. Siku ya pili nilianza kuona vitu. Nilikuwa nakwenda mara kumi na nne. Mara nyingi kikombe kilionyesha mililita 80, au 100, na kibofu cha mtu mzima kinaweza kubeba 300 hadi 500 bila taabu. Maana yake kibofu changu kilikuwa kinapiga kelele kikiwa hakijajaa hata nusu. Na nilikuwa na mazoea ya kukojoa "kabisa" kabla ya kutoka nyumbani, kabla ya mkutano, kabla ya kulala mara mbili, nikikifundisha kibofu kwamba kiasi kidogo ndicho mwisho wa uwezo wake. Usiku saa tisa niliandika mililita 350, nikatambua kwamba nilipokuwa nimelala kilibeba vizuri tu. Kilikuwa kinaweza! Lile lilikuwa jambo la kwanza la faraja kupata baada ya muda mrefu, na lilitoka kwenye mwandiko wangu mwenyewe.

Daktari aliisoma ile karatasi kwa makini kuliko alivyowahi kusoma kipimo changu chochote. Hakuanza na dawa. Alianza na mafunzo ya kibofu, na hapa utafiti uko upande wetu. Mwaka 1998 Kathryn Burgio na wenzake nchini Marekani walitoa matokeo ya wanawake 197 wenye umri wa miaka 55 hadi 92 waliokuwa wakivujwa na mkojo. Wengine walipewa mafunzo ya misuli na tabia, wengine dawa ya kutuliza kibofu iitwayo oksibutinini, wengine kidonge kisicho na dawa ndani. Kuvuja kulipungua kwa asilimia 81 hivi kwa waliofundishwa, asilimia 69 kwa waliomeza dawa, na asilimia 39 kwa waliomeza kidonge kitupu. Wengi husoma ile 39 wakasema basi ni mawazo tu. Mimi nadhani inasema jambo zuri zaidi: hata hao walikuwa wanaandika kila siku, na palikuwa na mtu anayewasikiliza.

Mafunzo yenyewe ni haya, kwa jinsi nilivyoyafanya. Mkojo ukibana ghafla, usikimbie. Kukimbia kunatikisa kibofu na kuvuruga akili. Simama au kaa. Bana misuli ya sakafu ya nyonga, ile unayoibana ukitaka kuzuia hewa isitoke, kwa haraka mara tano au sita, bila kukaza tumbo wala mapaja na bila kuzuia pumzi. Subiri. Ule msukumo huja kama wimbi: unapanda, unafika kileleni, unashuka. Ukishashuka, tembea taratibu kwenda chooni, au kama unaweza, ongeza dakika kumi kabla ya kwenda. Wiki ya kwanza nilishindwa mara nyingi na nilibadilisha nguo. Wiki ya sita nilikuwa nakwenda mara tisa. Wengine watahitaji dawa juu ya hayo, na hakuna ubaya. Lakini usianze na kidonge kama hakuna aliyekuonyesha kubana na kusubiri.

Kuhusu maji nilikosea pia. Nilikuwa najinyima ili nisibanwe, mkojo ukawa mzito wa rangi ya chungwa na UTI ikazidi. Mwaka 2018 Thomas Hooton na wenzake walichapisha jaribio la wanawake 140 ambao hawajakoma hedhi, wenye UTI za kujirudia na waliozoea kunywa maji kidogo. Nusu waliongeza lita 1.5 za maji kila siku kwa mwaka mmoja. Hao waliugua wastani wa mara 1.7, wenzao mara 3.2. Lazima niseme kwamba utafiti huo ulifadhiliwa na Danone, kampuni inayouza maji, na msomaji ana haki ya kulijua hilo. Hata hivyo jaribio lilipangwa kwa bahati nasibu nani aingie kundi gani, na mimi limenisaidia. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aulize kwanza.

Kwa waliokoma hedhi kuna habari ambayo naona haisemwi vya kutosha. Tangu 1993, katika utafiti wa Raul Raz na Walter Stamm, inajulikana kwamba krimu ya estrojeni, homoni ya kike, inayopakwa ukeni ilishusha UTI hadi wastani wa mara 0.5 kwa mwaka, ikilinganishwa na 5.9 kwa waliopaka krimu isiyo na dawa. Dada yangu mkubwa aliugua miaka minne bila mtu kuitaja. Muulize daktari wako kama inakufaa. Mwaka 2022 utafiti wa Uingereza ulionyesha pia kwamba methenamini, ambayo si kiuavijasumu, inaweza kushika nafasi ya dozi ndogo ya kila siku ya viuavijasumu katika kuzuia UTI. Ila D-manosi, ule unga wa sukari unaotangazwa sana, ulipojaribiwa kwa wanawake karibu 600 na matokeo kutolewa 2024, haukuonyesha faida. Nilikuwa nao kabatini. Sijanunua tena.

Hayo yote ni ya mtu anayeweza kusubiri. Homa na kutetemeka kwa baridi, maumivu ubavuni chini ya mbavu, kutapika, damu kwenye mkojo, kushindwa kabisa kukojoa, au dalili zozote za UTI ukiwa mjamzito: hapo acha kalamu, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ukiombwa kushiriki utafiti, usiogope neno utafiti. Soma fomu ya ridhaa nyumbani, pasipo haraka. Uliza kama kuna kundi la kidonge kitupu, nani atakutibu ukizidiwa, na kama utaelezwa matokeo. Unaweza kujitoa wakati wowote na matibabu yako yakaendelea. Nami huuliza moja zaidi: mtapima bakteria tu, au mtaniuliza ninavyoishi?

Swali hilo nililipata kwa kaka yangu, mwenye tezi dume iliyokua. Alipewa dodoso linalotumika duniani kote, lililotokana na kazi ya madaktari wa Marekani mwaka 1992. Lina maswali saba ya dalili, jumla ya alama 35: mkojo kukatikakatika, kusukuma kwa nguvu, kuamka usiku. La nane liko peke yake chini. Linauliza, ukiambiwa uishi maisha yako yote yaliyobaki na hali hii ya mkojo kama ilivyo sasa, ungejisikiaje? Majibu huanzia 0, nimefurahi sana, hadi 6, vibaya mno.

Kaka aliyajaza yale saba haraka. La nane alilikodolea macho, kisha akaandika 2. Wifi yangu alikuwa ameketi pembeni na mkoba mapajani. Akasema kwa sauti ya chini, "Baba watoto, kila unapoamka usiku nami huamka." Kaka akakaa kimya kidogo, akaikata ile 2, akaandika 5.