Kazi za mikono kwa watoto wa shule ya Jumapili: yale niliyojifunza kwa maboksi, gundi ya muhogo na samaki 153

Bwana Yesu asifiwe, mwalimu mwenzangu. Umeuliza ni kazi gani za mikono unazoweza kuwapa watoto 60 wa shule ya Jumapili, wenye umri wa miaka 4 hadi 12, wakati kanisa halina fungu la vifaa na mikasi uliyo nayo ni mitano tu. Nimefundisha watoto kwa miaka 14 katika kanisa dogo lililo kando ya Ziwa Victoria, mkoani Mwanza, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo tulikuwa na mikasi minne, kwa hiyo nitakueleza yale tu ambayo nimeyafanya na watoto wangu.

Anza na gundi, kwa sababu ndiyo inayomaliza fedha za walimu wengi. Sisi tunapika ya unga wa muhogo. Chukua vijiko vinne vya chakula vilivyojaa unga, uvikoroge kwanza katika nusu kikombe cha maji baridi ili usifanye madonge, kisha umimine taratibu katika kikombe kimoja cha maji yanayochemka huku ukiendelea kukoroga, mpaka uji uache weupe wake na kuanza kung'aa. Ipike Jumamosi jioni na uigawe katika vifuniko vya ndoo au visahani, kila kundi la watoto watano na chake. Wapake kwa kidole. Isikae zaidi ya siku mbili, kwa maana huchacha.

Kazi iliyotufaa kuliko zote ni ile ya samaki wa Yohana sura ya 21, pale wanafunzi waliovua usiku kucha bila kupata kitu walipoambiwa watupe wavu upande wa kuume wa chombo, wakavuta samaki wakubwa 153 na wavu haukupasuka. Watoto wetu wengi ni wa wavuvi, na hakuna haja ya kuwaeleza uchungu wa kurudi alfajiri na mtumbwi mtupu. Niliomba maboksi mepesi ya sabuni na biskuti katika maduka ya jirani, nikachora samaki mmoja wa kufuatisha, na watoto wakubwa wakachora na kukata kwa zamu. Wadogo, ambao mkasi ni hatari kwao, walichana magazeti ya zamani kwa vidole kuwa vipande vidogo na kuvibandika kama magamba, wakipandanisha kuanzia mkiani kwenda kichwani. Kuchana karatasi ni kazi kamili kwa mtoto wa miaka minne. Asiionee haya mwalimu yeyote.

Jumapili hiyo tulikuwa na watoto 38, na kila mmoja alitengeneza samaki wanne, jambo lililotuchukua vipindi viwili. Tulipohesabu tukapata 152. Mtoto mmoja wa darasa la pili alisimama na kusema kwamba hatuwezi kutundika wavu kabla ya kumpata yule mmoja, kwa sababu Biblia imetaja hesabu yake. Basi tukamwendea mzee wa kanisa aliyekuwa akifunga madirisha, akakaa chini pamoja nao na kumkata. Mtoto mwingine alikuwa ametengeneza dagaa, na wenzake wakamkumbusha kwamba imeandikwa samaki wakubwa, naye akakubali kuanza upya. Wavu tuliupata kwa kushona pamoja mifuko ya vitunguu ya sokoni. Ulining'inia ukutani mpaka mvua za masika, na sijawahi kuona kisa cha Biblia kikikumbukwa na watoto kwa usahihi wa namna ile.

Hapo ndipo ninapoomba unielewe vizuri, kwa sababu kwa miaka yangu ya kwanza nilikosea. Nilikuwa nakesha Jumamosi nikikata kila kitu mwenyewe, ili Jumapili watoto wabandike tu kipande kimoja juu ya kingine, na picha zote zikatoka zinafanana na kupendeza machoni pa wazazi. Baada ya ibada nilizikuta zimeachwa kwenye mabenchi. Mtoto habebi nyumbani kitu ambacho si chake. Chagua kazi ambayo ataweza kuimaliza kwa mikono yake ndani ya dakika 25, hata kama samaki atakuwa na jicho moja na mkia uliopinda.

Kosa la pili lilinigusa zaidi. Nilifundisha kutengeneza picha kwa kubandika maharage, choroko na mahindi juu ya boksi, na zilipendeza kweli. Ulikuwa mwezi ambao chakula cha msimu uliopita kilikuwa kimekwisha katika nyumba nyingi na mavuno mapya hayajafika. Mama mmoja alinifuata baada ya ibada, akanieleza kwa upole kwamba mwanawe aliibandua picha yake na kuomba yale maharage yapikwe. Nilinyamaza, kwa maana sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo hatutumii chakula kwa mapambo. Tunatumia mchanga wa ziwani uliochekechwa, maganda ya mayai yaliyosagwa, majani makavu ya mgomba na mbegu za miti iliyo uani. Hata hizo mbegu siwapi walio chini ya miaka mitano, kwani huzitia puani na masikioni.

Kwa watoto wakubwa, safina ya Nuhu ni kazi nzuri, kwa kuwa Mwanzo 6 imetoa vipimo: dhiraa 300 urefu, 50 upana na 30 kwenda juu. Wape rula na boksi gumu, waitengeneze ya sentimita 30 kwa 5 kwa 3, nao wataona wenyewe kwamba ilikuwa ndefu na nyembamba. Kanzu ya Yusufu haihitaji kushonwa. Ikate katika mifuko mbadala iliyochakaa, ile iliyoenea baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku nchini Juni 2019, kwa sababu kitambaa chake hakifumuki kikikatwa. Nyongeza za vitenge kutoka kwa fundi cherehani hufaa kuipamba.

Kondoo tunawatengeneza kwa pamba, ambayo kwetu haikosekani wakati wa mavuno, juu ya kipande cha boksi chenye miguu ya njiti. Nilipokuwa nikisimulia Luka 15, msichana mmoja aliyekuwa akibandika pamba aliniuliza ni nani aliyebaki na wale 99. Nilimrudishia swali, wakajadiliana wenyewe huku mikono ikiendelea, na mwishowe wakaamua kuwajengea zizi la vijiti na udongo. Mikono ikiwa na kazi, mtoto mwenye haya naye huuliza. Ndiyo sababu mimi husimulia kisa kwanza chote, halafu wakati wa kazi nanyamaza na kupita kati yao.

Kwa Jumapili yako ya kwanza nakushauri uanze na samaki. Kwa watoto 60, kila mmoja atengeneze wawili, wapatikane 120, na wale 33 wanaobaki uwape watoto 11 wakubwa, watatu kwa kila mmoja. Mikasi mitano itawatosha hao wakubwa kwa zamu, ikiwa wadogo watakuwa kwenye mkeka mwingine wakichana magamba.